Dagaa wa Musoma, Mikopo ya Kausha Damu na Elimu Tusiyoifikisha

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Sahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wametuzoea tukizungumza ya hapa hapa nyumbani: karafuu, mirathi, talaka, mwezi umeandama wapi. Leo tunawaomba watufuate mbali kidogo, hadi Musoma, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria. Ndugu zetu wa msikiti mmoja wa mjini hapo walitualika kusomesha fiqhi ya biashara kwa siku sita. Tulikwenda na mabuku yetu na majibu yetu. Tulirudi na maswali, na mengine yanatuhusu sisi masheikhe kabla hayajawahusu wao.

Safari kutoka Mwanza ni ya gari. Unapita Magu, unapita Lamadi, ziwa liko kushoto, na kulia mbuga ya Serengeti inasogea hadi karibu na barabara pale Ndabaka. Kisha Bunda, kisha Makutano, ambako njia ya kulia inakwenda Butiama. Wazee wetu wa visiwani wanalijua jina la Butiama kwa sababu ya mtu mmoja tu, na kila mzee ana lake la kusema juu ya mtu huyo. Hatutaingia huko leo. Tunachotaka kusema ni kwamba mbele ya Butiama kuna mji wa watu wanaotafuta riziki kwa njia zinazofanana sana na zetu, na makosa yao na makosa yetu yanafanana vile vile.

Musoma imekaa kwenye rasi, maji pande tatu. Ukienda mwaloni alfajiri, upande wa Mwigobero, utakuta wanawake wamekaa na ndoo wakisubiri mitumbwi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa sababu dagaa hawaifuati taa mbingu ikiwa nyeupe. Mitumbwi ikifika, dagaa hupimwa kwa ndoo, mama hununua ndoo zake na hukimbilia kuanika kabla jua halijapanda.

Anaanika wapi? Wengi wanaanika chini. Juu ya mchanga, juu ya mawe, wengine juu ya majani au nyavu kuukuu. Jioni wanafagia na kujaza magunia. Dagaa hao huja na mchanga wao, na kila aliyekula dagaa wa namna hiyo anajua meno yanavyolalamika. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mzigo huoza na mtaji umekwenda. Na hata jua likiwa kali, wanunuzi wakubwa huwachukua dagaa wa mchanga kwa bei ya chakula cha kuku. Mtu wa kula ananunua kilichobaki safi, na kilichobaki safi ni kidogo.

Tulikutana na mama mmoja ambaye ameacha kuanika chini. Ana chanja: miti iliyopigwa misumari, urefu wa kiuno, na juu yake wavu wa waya. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka kwa saa chache, kuku hawafiki, mbwa hawafiki, na mvua ikija anatandika turubai. Hakuna ajabu yoyote katika kitu hicho. Wataalamu wa FAO waliwafundisha wanawake wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika njia kama hiyo miaka mingi iliyopita, na vyuo vyetu vya uvuvi, kikiwemo kile cha Gabimori huko Rorya, mkoa huo huo wa Mara, vipo kwa kazi ya kufundisha mambo ya namna hii. Elimu ipo. Lakini kwa nini yule mama ni mmoja, na waliobaki wako chini mchangani?

Tulimuuliza. Alicheka. "Shekhe, mwaka wa kwanza walinicheka mimi. Waliniambia nimeanika nguo."

Kisha akatueleza jambo ambalo hatulisahau. Mwaka huo wa kwanza hakupata faida yoyote ya chanja. Dalali alikuja na gari, akanunua magunia ya mchanga na magunia yake masafi kwa bei moja, akayachanganya yote pale pale mbele ya macho yake. Waya ulikuwa na gharama, miti ilikuwa na gharama, na bei ni ile ile. Wenzake wakaona kwa macho yao kwamba usafi haulipi. Alianza kupata nafuu pale alipoacha kumuuzia dalali na kuanza kufunga kilo moja moja kwenye mifuko, akiwapelekea wenye maduka na jamaa wa Mwanza.

Tunasimama hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaozungumzia ujasiriamali wanalipita jambo hili haraka. Serikali inaleta semina, shirika linaleta semina, sisi misikitini tunaleta mawaidha, na sote tunadhani mtu akijua atafanya. Lakini elimu ya mtu mmoja haimfai kitu akiwa soko zima halitofautishi kizuri na kibaya. Mnunuzi aliyechanganya yale magunia ndiye aliyeamua kwamba pwani yote ya Musoma ianike chini.

Na hapa dini yetu ina neno la zamani kuliko semina zote. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikagusa umajimaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kwamba mvua ilimnyeshea. Mtume akamtaka aweke kile kilicholowa juu, watu wakione, na akawatoa wenye kughushi katika njia yake. Tuliisimulia hadithi hii siku ya pili ya darsa, na tukawaona wanawake wanatazamana. Tulidhani wameguswa na mawaidha. Kumbe walikuwa wanafikiria gunia. Mmoja akauliza: je, dagaa wa juu wakiwa weupe na wa katikati wakiwa na mchanga, hiyo ndiyo? Tukasema ndiyo hiyo. Akasema: "Basi sisi sote tumo."

Upande wa pili wa mizani ni lumbesa. Huyu mama anayejaza gunia, dalali anamtaka alipandishe hadi lifungwe kwa kamba za kushonea juu ya mdomo, na bei inabaki ya gunia moja. Ndoo pia ina maneno yake, maana ndoo ya kununulia na ndoo ya kuuzia si lazima ziwe ndugu. Sheria ya Vipimo imekataza lumbesa, Wakala wa Vipimo kila msimu unapiga kelele, na lumbesa iko pale pale. Allah (S.W.) ameteremsha sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wale ambao wakipokea wanataka kijae na wakitoa wanapunguza. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wabaya kwa vipimo kabla ya kuteremka sura hiyo, kisha wakatengenea. Yaani soko la Madina lilibadilika kwa elimu iliyokuwa imani ya wauzaji na wanunuzi wote kwa pamoja, na kwa mtu aliyekuwa akipita sokoni kutia mkono ndani ya rundo.

Mzani wenyewe una historia katika kanda hiyo ya ziwa, na ni historia ambayo vijana wetu hawasomeshwi. Mwaka 1925 alizaliwa katika wilaya ya Musoma Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Alisoma, akawa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha katibu wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika Mwanza. Wakati huo wakulima wa pamba walikuwa wakilalamika kwamba wanaibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Jibu lao la mwanzo lilikuwa dogo sana: wakaweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma mzani, ili mkulima apime pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Kutoka hapo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 likasajiliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri ya serikali, vikarudishwa na sheria ya 1982, na havikurudi na nguvu ile. Wazee wa Musoma bado wanazungumza juu ya hilo kwa uchungu, kama wazee wetu wanavyozungumza juu ya bei ya karafuu. Lakini angalieni mwanzo wake: elimu kidogo ya kusoma namba, ikakutana na watu waliokwisha kuzoea kulimiana mashamba na kujengeana nyumba kwa zamu. Elimu peke yake ingetoa karani mmoja zaidi wa mgodi. Mila peke yake, watu wangeendelea kulimiana huku wakipunjwa.

Sasa tuje kwenye mas-ala yaliyotukosesha usingizi, nayo ni mikopo.

Yule mama wa chanja, alipotaka waya wa pili, alikopa. Alikopa kwa watu wanaoitwa kausha damu. Laki moja mkononi, elfu tano kila siku kwa siku thalathini. Wasomaji wetu wapige hesabu wenyewe. Siku za mwezi mpevu, ambapo hakuna dagaa, elfu tano inadaiwa vile vile. Alipochelewa walikuja wakachukua kitanda. Si mpumbavu, na si asiyejua kwamba riba ni haramu. Alituambia kwa sauti ndogo, akitazama chini, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunamdai.

Jambo hili si la Musoma peke yake. Wasomaji wa Mjini Magharibi wanajua simu zao zinavyoita. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zinazofanya kazi bila leseni. Waliokopa huko wanajua namba zao za jamaa na marafiki zilivyopigiwa, na aibu ilivyotangazwa. Hili ni jipya kwa chombo chake tu.

Kilichotuuma zaidi ni hiki. Tuliwauliza akina mama kama wamewahi kuomba ule mkopo wa asilimia kumi unaotolewa na halmashauri, yaani asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Wakasema hapana. Kwa nini? Kwa sababu ni mkopo wa serikali, na mkopo wa serikali una riba, na wao ni Waislamu.

Ndugu wasomaji, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarudishwa Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kinakopa milioni moja kinarudisha milioni moja. Hiyo ni karadha. Jirani zao wasiokuwa Waislamu walikuwa wakiichukua, na hawa waliikimbia kwa kumcha Mungu, wakaangukia mikononi mwa kausha damu. Bila shaka kila mkataba usomwe, na ada zozote zitazamwe, na yanayosemwa juu ya upendeleo katika ofisi za halmashauri hatuyapuuzi. Lakini mlango wa halali ulikuwa wazi, na hakuna sheikh hata mmoja aliyekuwa amewaambia. Tuliwaambia haramu, tukashuka mimbari.

Waliuliza pia juu ya vikoba, na swali hilo huletwa kwetu kila wiki kutoka visiwani, kwa hiyo tulijibu hapa kwa wote. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na umeenea Afrika nzima. Wanachama wananunua hisa, wanakopeshana kwa ziada, na mwisho wa mwaka wanagawana. Wanasema: shekhe, ziada inarudi kwetu wenyewe, hakuna tajiri. Tunajibu: ziada inatoka kwa aliyekopa na inakwenda kwa asiyekopa, na mara nyingi aliyekopa ndiye mwenye shida zaidi. Ukubwa wa mwenye kula hauibadilishi riba.

Upatu hauna neno. Mwanachuoni wa Kishafii, al-Qalyubi, aliyefariki mwaka 1069 Hijria, ameutaja katika hashiya yake mchezo wa wanawake wa zama zake, kila mmoja anatoa kiasi maalumu na mmoja anachukua kwa zamu, na akanakili kwamba unajuzu. Yaani bibi zetu walikuwa na ushahidi wa kitabu wasioujua. Kikoba kinaweza kutengenezwa kwa njia nyepesi: hisa zibaki, mkopo uwe bila ziada, na faida itafutwe kwa kikundi kununua bidhaa kwa pamoja, kwa mfano waya wa chanja au chumvi au mifuko, kuimiliki na kuipokea kwanza, kisha kumuuzia mwanachama kwa bei inayojulikana, alipe kidogo kidogo bila kuongezewa akichelewa. Sharti la kumiliki kwanza si la mapambo. Likiondoka, kilichobaki ni mkopo uliovaa kanzu.

Na mkopo uliovaa kanzu tunaujua sisi kuliko wao. Babu zetu wenye mashamba ya mikarafuu waliwekewa bei khiyar. Mwenye shamba anauza kwa mkopeshaji kwa sharti la kulinunua tena, kisha anakodishwa shamba lake mwenyewe, na kodi hiyo ndiyo riba kwa jina jengine. Kila mmoja alijua. Karatasi ilikuwa safi. Kufika mwaka 1934 madeni yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ya wakati huo ilitunga sheria za kuzuia mashamba kuhama mikononi mwa wenyewe, na ugomvi ulioendelea ukazaa mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi dhidi ya ununuzi wa karafuu mwaka 1937. Tunaikumbusha historia hii kwa sababu kuna watu hapa visiwani wanaorudi kwenye hila hizo hizo na kuziita biashara ya Kiislamu.

Wavuvi wenyewe walikuja siku ya nne, baada ya Isha, wamechoka. Wao walikuwa na swali gumu kuliko yote. Ziwani kule mwenye chombo na nyavu huitwa tajiri. Mara nyingi tajiri mwenyewe, au mvuvi mdogo mwenye mtumbwi, amepewa nyavu, mashine au fedha na mnunuzi wa samaki, khasa wa sangara wanaokwenda viwandani. Sharti ni kwamba samaki wote amuuzie yeye, kwa bei iliyo chini ya ya mwaloni, mpaka deni liishe. Na deni huwa haliishi, kwa sababu nyavu zinachanika na mpya zinaletwa na yeye huyo. Kinga yake pekee ni mvuvi kuuza kwa siri usiku katikati ya maji, na hapo anakuwa mwizi wa ahadi.

Tuliwajibu kama ifuatavyo. Ikiwa ni mkopo, basi sharti la kumuuzia mkopeshaji kwa bei ya chini ni manufaa yanayovutwa na mkopo. Hadithi iliyo maarufu juu ya hilo ina udhaifu katika isnadi, lakini maana yake wanachuoni wameikubali. Ikiwa wanasema ni manunuzi ya mapema, basi wananunua kile ambacho mtumbwi huu utakivua usiku huu, na hicho hakijulikani kipo au hakipo. Hiyo ni gharar. Njia iliyofunguliwa ni salam. Mtume (S.A.W.) alifika Madina akakuta watu wanalipana mapema kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, akawawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Thamani yote ilipwe pale pale kwenye kikao. Bidhaa isifungwe kwenye chombo fulani, iwe ni sifa katika dhima ya muuzaji, akikosa kwake anunue kwa mwenzake alete. Dagaa waliokauka wanafaa zaidi kwa salam kuliko samaki mbichi, kwa kuwa uzito wao haubadiliki sana na hupatikana karibu mwaka mzima. Na bei ya salam huwa chini kidogo ya bei ya sokoni, hilo halina ubaya, kwa sababu kila upande umebeba hatari yake na kuna mwisho wa mkataba. Mkataba wenye mwisho! Mvuvi mmoja alirudia neno hilo mara mbili.

Kisha akauliza mgao. Wakirudi na samaki, hutolewa mafuta na chakula, kilichobaki kinagawanywa baina ya tajiri na wavuvi kwa mafungu. Halali? Hapa tuliwaambia ukweli wote, ingawa tulijua utawashangaza. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, aliyevua ndiye mwenye samaki, na mwenye wavu anastahiki ujira wa mfano wa wavu wake. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali ametaja katika al-Mughni kauli hiyo hiyo, kisha akaongeza kwamba kwa kipimo cha yale yaliyonakiliwa kutoka kwa Imam Ahmad, kugawana kunafaa. Na sisi wa visiwani je? Kuanzia Nungwi hadi Mkoani chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na wavuvi wanagawana kilichobaki, na masheikhe wetu wa Kishafii wamekula samaki hao karne na karne bila kukataza. Sisi tunaichukua kauli ya pili kwa sababu ada imeenea na watu wanaridhiana na hatari inabebwa na wote. Lakini kwa sharti kwamba hesabu ionekane. Tajiri akiandika mafuta lita ishirini na yaliyotumika ni kumi, fungu lake limeingia haramu, na hakuna madhehebu itakayomwokoa.

Mila ina upande mwengine pia, na tusijifanye hatukuuona. Kwa makabila mengi ya Mara mali ni ng'ombe. Mtu ana ng'ombe arubaini na mtoto wake hana karo, kwa kuwa ng'ombe hauzwi ovyo. Ni mahari, ni heshima, ni jina. Wasomi huwacheka. Sisi tunaona ng'ombe wao ni kama dhahabu ya bibi iliyofungwa kwenye kanga; ni akiba ambayo haijafundishwa kufanya kazi. Kinachotuhuzunisha ni mwanamke. Chini ya kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 mtoto wa kike yuko daraja la mwisho katika mirathi ya ardhi. Mahakama Kuu huko Mwanza mwaka 1990 iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, lakini hukumu inakaa mjini na mila inakaa nyumbani. Yule mama wa chanja hana kiwanja cha kusimamisha chanja ya tatu. Ameolewa, amefiwa, na shemeji zake wamechukua shamba, na shemeji hao ni Waislamu wanaoswali msikiti mmoja na sisi. Mwanamke wa Pemba mwenye mikarafuu yake sita aliyoachiwa na baba yake anaweza kuwa maskini, lakini ana kitu cha kuanzia, na ameachiwa na Qur'ani. Ingawa hapa kwetu pia tunawajua kaka wanaowaambia dada zao, "wewe una mume".

Siku ya mwisho kamati ya msikiti ilitutembeza. Walituonesha msingi wa mnara mpya na wakatuomba tuwasaidie kutafuta wafadhili visiwani na Oman. Tulinyamaza kwa muda. Waislamu wa Musoma ni wachache, na mnara una maana kwa watu wachache, hatulidharau hilo. Lakini wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, kaskazini ya hapo, mwaka 1934, na hadi leo hospitali yao inatibu watu wa kila dini, wakiwemo Waislamu waliokuwa wakituzunguka pale. Na sisi ndio umma wa wakfu. Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akakiacha kwa ajili ya watu wote, na Mji Mkongwe wetu umejaa nyumba za wakfu ambazo kodi zake zilikuwa zikilisha madrasa.

Tukawauliza: je, kiwanja hiki cha nyuma, kinachoelekea ziwani, kinaweza kuwa wakfu wa chanja? Chanja ishirini na banda la kuhifadhia, mzani mmoja uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na vitabu viwili vya hesabu. Mama yeyote wa mji, Mwislamu au asiye Mwislamu, anaanika kwa ada ndogo. Ada inalipa mlinzi na matengenezo, na kinachozidi kinakwenda kwenye madrasa. Dagaa wanaotoka hapo wanajulikana ni wa chanja, wanafungwa kwa jina moja, na dalali hawezi kuwachanganya kwa sababu wanauzwa pamoja. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina na kupewa nusu ya mali ya ndugu yake wa Kiansari, aliomba aoneshwe soko liko wapi. Hawa soko wanalo mbele ya mlango wa msikiti.

Mzee mmoja wa kamati alikasirika. Akasema msikiti si pahala pa kunuka dagaa. Kijana mmoja, mwalimu wa skuli, akamjibu kwa heshima, "Baba, harufu hiyo ndiyo iliyokulipia karo yangu." Mzee akanyamaza, ila hakukubali, na hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba alikubali. Kuna pia mas-ala ya kisheria yaliyobaki: kiwanja kile kiliwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, na sharti la mwenye kuweka wakfu haligeuzwi kwa kuwa tumepata fikra nzuri. Tumewataka waitafute hati ya asili na maneno yaliyoandikwa. Ikiwa ni wakfu wa maslahi ya msikiti kwa ujumla, mlango upo kwa kukikodisha. Ikiwa ni wakfu wa kuswalia, basi watafute kiwanja chengine na hicho wakiache.

Hadi tunaandika makala hii hati haijapatikana. Kikundi cha akina mama kumi na wawili kimepeleka maombi yake halmashauri kwa ule mkopo usio na riba, na kimetuomba nakala ya mkataba wa salam kwa Kiswahili chepesi, wa ukurasa mmoja. Tumeuandika na umepitiwa na mwanasheria. Wasomaji wenye vyombo Mkokotoni, Wete na kwengineko, na akina mama wanaochemsha dagaa wanaouziwa wafanyabiashara wa Kongo, wanaotaka nakala hiyo hiyo watuandikie kupitia ukurasa wa maswali, nasi tutaituma bila malipo.

Wallahu aalam.